Saa 72

Riwaya ninayoiandika ina sura ya jela. Niliiandika nikiwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi wala dalili ya kazi, nimelala kifudifudi juu ya mkeka nyumbani kwa mama kule Likoni. Katika sura hiyo shujaa wangu anatupwa rumande kwa kosa asilolitenda, naye anasimama mbele ya askari na kutoa hotuba ya kurasa nne juu ya haki na utu wa mwanadamu. Mahabusu wenzake wanampigia makofi. Niliipenda sana sura ile. Niliwasomea vijana wenzangu pale maskani, nao wakanipigia makofi vilevile.

Sasa nimekwisha kukaa rumande mwenyewe, siku 38 kamili, na sura ile nimeichana. Ndugu msomaji, kule hakuna hotuba. Kuna watu 60 katika chumba cha watu 20, kuna ndoo moja pembeni, na kuna kunyamaza. Habari za huko kunyamaza ndizo nitakazokusimulia, kwa sababu kulimponza mtu, na mmoja wa walionyamaza ni mimi.

Lakini kwanza nieleze habari ya kikopo.

Mnamo Julai 2024 mchumba wangu aliniita ufuoni, si mbali na feri, akaniambia kuwa ana virusi vya Ukimwi. Alikuwa amepimwa wiki hiyo na kuanzishiwa dawa siku hiyohiyo. Akasema, "Kama wataka kwenda zako, nenda leo. Usinipe matumaini halafu ukanikimbia Disemba." Sikwenda. Sisemi hivi ili nisifiwe. Nilikuwa nimeshampenda, na mtu akishapenda miguu haina amri. Nikaenda kupimwa, nikaonekana sina. Sista wa kliniki, mama mmoja mpole mwenye miwani, akanipa dawa za kinga, hizi zinazoitwa PrEP. Ni kidonge kimoja kila siku, na ndani yake mna dawa mbili za kuvizuia virusi visipate pa kuota mwilini.

"Hiki kidonge ni daraja, mwanangu," aliniambia. "Utavuka nacho mpaka dawa za mwenzako zishike. Baada ya miezi sita hivi tutampima, na tukikuta virusi havionekani tena kwenye damu, basi hata kitandani hawezi kukuambukiza. Kwa sasa vuka na daraja lako, usiruke siku."

Alinieleza na jambo jingine, ambalo ndilo kiini cha habari hii. Kuna dawa ya kinga ya kabla, alisema, na kuna ya baada. Hiyo ya baada huitwa PEP. Mtu akichomwa na sindano yenye damu ya mwingine, au mpira ukipasuka, au akibakwa, aende hospitali mbio. Dawa ianze mapema iwezekanavyo, na saa 72 zisipite kabla hajaimeza. Kisha aimeze siku 28 mfululizo. "Saa 72 zikipita," akasema, "mlango umefungwa."

Nilizikariri namba zile kama mashairi ya shuleni. Saa 72, siku 28. Sikujua nitazihitaji wapi.

Wala tusidhani dawa hizi zimeshuka kutoka mwezini. Zilijaribiwa hapa kwetu. Kati ya mwaka 2008 na 2011, jozi zaidi ya 4,700 za wapenzi wa Kenya na Uganda, mmoja ana virusi na mwenziwe hana, zilikubali kushiriki katika utafiti. Wale waliomeza kidonge chenye dawa mbili, maambukizi kwao yalipungua kwa asilimia 75 yakilinganishwa na ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kinga hii mwaka 2015, na Kenya ikazindua mpango wake wa taifa Mei 2017. Kwa hivyo ni dawa tuliyoitolea damu ya kupimwa na miaka ya kungoja. Kidonge changu sikuomba sadaka kwa mtu.

Basi, mwanzoni mwa Novemba 2024, siku ya Ijumaa jioni, polisi walikuja nyumbani kwa ajili ya simu. Nilikuwa nimeinunua kwa mtu pale Mwembe Tayari kwa shilingi 4,500, bila risiti, bila kuuliza maswali, kwa sababu bei ilikuwa nzuri na maskini akiona bei nzuri huwa haulizi. Kumbe simu ilikuwa ya wizi. Nikachukuliwa na begi langu begani, na ndani ya begi mlikuwa na daftari la riwaya na kile kikopo cheupe, ambacho nilikuwa nikitembea nacho nisije nikamtia mama wasiwasi.

Kituoni wakanivua mkanda, wakafungua kamba za viatu, wakahesabu shilingi 340. Askari wa zamu akakiinua kikopo, akakitikisa sikioni kama mtu anayenunua dafu.

"Na hii ni nini? Unauza?"

"Dawa, afande."

"Dawa ya nini?"

Kwenye benchi tulikuwa watu tisa. Mmoja wao alikuwa fundi wa friji wa mtaani kwetu, anamjua mama, anamjua na shangazi. Nikafikiri: nikisema ni ya kuzuia Ukimwi, nani pale atasikia neno "kuzuia"? Watasikia neno moja tu, nalo litafika Likoni kabla yangu.

"Ya kifua," nikasema.

Akakitupa ndani ya mfuko pamoja na mkanda. Vilikuwa vimebaki vidonge 19. Sikuviona tena.

Katiba yetu ya 2010 inasema mtu aliyekamatwa afikishwe kortini kabla ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia mahali ambapo korti imefungwa, basi afikishwe siku ya kwanza ya kazi. Kwa hivyo ukikamatwa Ijumaa jioni, wewe ni wa Jumatatu. Jumatatu hakimu akanipa dhamana ya shilingi 20,000 taslimu. Mama alikuwa na 3,000. Nikapandishwa karandinga, nikapelekwa rumande katika gereza moja la huku pwani, ambalo sitalitaja.

Siku ya kuingia walitupanga foleni uani. Mahabusu aliyekuwa akimsaidia karani akauliza kwa sauti kubwa, "Nani ako na TB? Nani ako kwa ARV?" Watu watatu wakainua mikono. Niliwaonea huruma, na wakati uohuo niliwastahi, maana ni kazi kubwa kuinua mkono ule mbele ya watu. Wakaandikwa, wakatengewa foleni yao, na siku zote nilizokaa pale niliwaona wakipata dawa. Hilo nalisema kwa haki. Mgonjwa alikuwa na faili. Lakini hakuna aliyeuliza, "Nani mzima na angetaka kubaki mzima?" Kwa watu wa namna yangu hapakuwa na foleni.

Wiki ya pili nilijikaza nikaenda kwenye dirisha la zahanati. Askari aliyekuwa akilinda pale akaniuliza shida yangu.

"Afande, nilikuwa nikimeza dawa za kinga huko nje. Sijui kama hapa zinapatikana."

"Wewe uko na virusi?"

"La."

"Sasa unajikinga na nini? Humu ndani ni wanaume watupu. Humu hakuna mambo hayo."

Nataka tulitazame neno hilo, kwa maana nimelifikiria sana tangu siku ile. *Humu hakuna mambo hayo.* Askari yule hakuwa mkatili. Alikuwa akisema lile aliloambiwa aseme. Sheria ya Kenya inahesabu kulala kwa mwanamume na mwanamume kuwa kosa la jinai, kifungo hadi miaka 14, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuiondoa sheria hiyo. Basi kumpa mahabusu mpira au kidonge cha kinga huonekana kama kukiri kuwa kosa hilo linatendeka chini ya paa la serikali. Kwa kuwa halipaswi kuwapo, huhesabiwa kuwa halipo. Na kwa kuwa halipo, halina dawa. Hata anayetendewa kwa nguvu hupotelea humohumo. Na zaidi ya hayo kuna wembe. Chumbani kwetu wembe mmoja ulikuwa ukinyoa videvu hata kumi. Wembe nao haupo?

Wiki ya tatu akaletwa kijana mmoja ambaye wote tulimwita Dogo. Alikuwa na miaka 20 lakini ungempa 16. Kosa lake lilikuwa betri ya tuktuk. Hakuwa na mtu wa kumletea sabuni wala sigara za kununulia nafasi ya kulala, kwa hivyo alilazwa mahali pabaya, karibu na watu wabaya.

Usiku wa Ijumaa, kama saa nane, nilisikia. Sitaeleza nilichosikia. Katika chumba cha watu 60 hakuna asiyesikia. Tulivuta mablanketi tukafunika vichwa, na mimi, mwandishi wa kurasa nne juu ya utu wa mwanadamu, nilivuta blanketi langu pamoja na wenzangu.

Asubuhi ya Jumamosi Dogo hakukaa kitako. Alikunywa uji wake akiwa amesimama, ameuelekea ukuta. Hakuna aliyemsemesha. Mimi nilikuwa na saa kichwani, na saa hiyo ilikuwa imeanza kuhesabu. Zimepita tano. Zimebaki 67. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama jiwe la kinu. Niliwaogopa waliomfanyia, nisiseme uongo. Walikuwa wakubwa, na nyapara alikuwa rafiki yao. Lakini hofu ile haikuwa kubwa kuliko ya pili. Ya pili ilikuwa hii: nikimwambia Dogo kuwa kuna dawa, ataniuliza nimejuaje.

Nilijidanganya kuwa zahanati ya wikendi haina mtu. Ni kweli, haikuwa na daktari. Palikuwa na mahabusu mmoja mwenye Panadol na dawa ya kunusa. Nikasema moyoni, hata nikisema leo itasaidia nini? Tungoje Jumatatu. Msomaji, uoga una akili nyingi. Haukosi sababu hata siku moja.

Jumapili wakaja wahubiri kutoka nje. Waliimba, wakatugawia mkate, wakatuhubiria juu ya Danieli katika tundu la simba. Dogo alisimama ibada nzima. Mhubiri alidhani ni uchaji Mungu, akamsifu mbele ya watu. "Mtazameni kijana huyu," alisema. Tukamtazama.

Usiku ule, kama saa tatu, nilijivuta mpaka alipolala. Zilikuwa zimepita saa 43.

"Dogo," nikamnong'oneza. "Sikiza. Kuna dawa. Waweza kujikinga usipate ugonjwa. Lakini ni kabla ya saa 72, na sasa zimebaki 29. Kesho asubuhi tukifunguliwa twende wote zahanati, mie nitasema nawe."

Alinyamaza kwa muda mrefu mpaka nikadhani amelala. Kisha akaniuliza lile swali.

"Nawe wayajuaje hayo?"

Ilikuwa mara ya kwanza nalisema kwa sauti. "Mchumba wangu ana virusi. Mimi sina. Nilikuwa nikimeza dawa za kujikinga."

Hakusema neno. Gizani nilisikia tu blanketi lake likisogea, kidogo, kama shubiri moja, mbali na langu.

Alfajiri ya Jumatatu, kabla hata ya kufunguliwa kwa ajili ya uji, majina ya watu wa korti yalisomwa. La Dogo lilikuwa la nne. Nilikuwa nimesahau kuwa kesi yake inatajwa siku hiyo. Wakati anapita mbele yangu nilimshika mkono. "Mwambie hakimu wataka hospitali. Huna haja ya kusema sababu. Sema tu hospitali, leo." Akanitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Nikaseme mbele ya korti yote?" akauliza. Askari akapiga kelele, naye akaenda.

Nilipopata nafasi nilikwenda zahanati. Safari hii yule afisa wa tiba mwenyewe alikuwapo, mama wa makamo, na askari wa dirishani alikuwa ameenda kunywa chai. Nikamweleza yote bila kutaja majina. Akaweka kalamu chini.

"Ilikuwa Ijumaa usiku?"

"Ndiyo, daktari."

"Na leo ndiyo mnaniambia." Akaninyooshea kidole kabati ya chuma nyuma yake, yenye kufuli. "Dawa hizo ziko hapo. Huwekwa kwa ajili yetu, tukichomwa na sindano kazini. Angeletwa na mtu Jumamosi, hata Jumapili, wangenipigia simu, ningekuja. Ningempa. Yuko wapi sasa?"

Nikamwambia yuko kortini. Alijaribu kupiga simu. Nilimwona mwenyewe akijaribu. Jioni saa kumi na mbili karandinga lilirudi bila Dogo. Walisema shangazi yake alijitokeza akamlipia dhamana. Watu wakashangilia kuwa ana bahati. Mimi nilihesabu. Zilikuwa zimebaki saa nane, naye yuko huru mjini Mombasa, mji wenye hospitali za kila namna, ana namba mbili tu alizoambiwa gizani na mtu aliyemwogopa.

Kutoka mkeka wangu mpaka kabati ile palikuwa na hatua kama mia. Nilizihesabu baadaye. Mlango wa chuma ulikuwa mmoja tu. Vilivyobaki vilikuwa haya yangu, haya yake, na lile neno, humu hakuna mambo hayo.

Nilitoka katikati ya Disemba. Mlalamishi wa simu hakufika kortini, kesi ikatupwa. Siku ya pili nilikwenda kliniki. Sista hakunipa kidonge papo hapo. Alinipima kwanza, na akanieleza kwa nini. Mtu akiwa tayari ameambukizwa bila kujua, kisha akameza hizi dawa mbili peke yake, virusi huweza kuzizoea, na baadaye zikashindwa kumtibu. Nilingoja matokeo nikiufikiria ule wembe. Matokeo yakawa mazuri. Akanipa kikopo kipya na tarehe ya kurudi kupimwa tena.

Jioni nilimsimulia mchumba wangu kila kitu, tangu benchi ya polisi mpaka karandinga. Nilitegemea anihurumie. Alisikiliza akichambua mchicha. Nilipomaliza, akaniuliza bila kuinua macho:

"Kwa hivyo uliona aibu kufanana na mimi."

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina. Mwezi mzima kabla ya kukamatwa nilikuwa nikijiona shujaa kwa kuwa sikumkimbia pale ufuoni. Kumbe kumkimbia mtu si lazima uondoke. Nilimkimbia pale kituoni kwa maneno mawili, "ya kifua", na siku mbili nzima nilimkimbia tena juu ya mkeka, na safari hii nilimwacha Dogo njiani.

Baada ya hapo nilianza kusoma. Mtu aliyeacha shule kidato cha nne si lazima aache kusoma. Nikaisoma Katiba maktabani. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 51 kinasema aliyefungwa hubaki na haki zake zote, isipokuwa ile ambayo haiwezekani kabisa kwa sababu ya kufungwa kwake. Nikajiuliza: kumeza kidonge kimoja kwa siku kuna ugumu gani na kufungwa? Mtu hufungwa mikono, hafungwi koo. Nikasoma kuwa Umoja wa Mataifa mwaka 2015 ulipitisha kanuni zilizopewa jina la Nelson Mandela, ambaye mwenyewe alikaa kifungoni miaka 27, na kanuni ya 24 inasema mfungwa apate matibabu ya kiwango kilekile wanachopata watu wa nje. Nikasoma kuwa mashirika ya Umoja wa Mataifa mwaka 2013 yalitoa orodha ya huduma 15 za kupambana na virusi magerezani, na mipira imo, na dawa ile ya saa 72 imo. Karatasi zote zimekwisha kuandikwa, tena vizuri. Lililobaki ni lile dirisha la zahanati na anayelilinda.

Na usifikiri dirisha liko jela tu. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kliniki yangu ndogo, iliyokuwa ya mradi, nikaikuta imefungwa mnyororo. Mwezi uliofuata amri ililegezwa kidogo, lakini PrEP ya fedha zile ikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Mimi si mjamzito wala sinyonyeshi. Kwangu haikuwa maafa, kwa sababu vipimo vya mwenzangu vilikuwa vimetoka na virusi havikuonekana; nilikuwa nimeshavuka daraja. Lakini pale mlangoni niliwakuta wasichana watatu wa kazi ya usiku kutoka Mtwapa. Hao ni watu ambao msako ukipita ndio wa kwanza kubebwa. Yaani watu wanaofungwa mara nyingi kuliko wote ndio walioondolewa kwenye orodha mbele ya wote. Mmoja alicheka akasema, "Sasa kaka, tushike mimba ndiyo tukingwe?"

Hata hivyo kuna habari nyingine iliyonipa kufikiri. Juni 2025 Marekani iliidhinisha kinga mpya, sindano ya lenakapaviri, inayodungwa mara mbili tu kwa mwaka, na Julai Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Wengi huifurahia kwa kuwa mtu hatasahau vidonge. Mimi niliifikiria benchi ya polisi. Sindano haina kikopo. Askari hawezi kuitikisa sikioni wala kuitupa mfukoni pamoja na mkanda. Mtu aliyedungwa Oktoba, akikamatwa Novemba, huingia na kinga yake mwilini, na hana haja ya kumweleza fundi wa friji jambo lolote. Kwa wenzetu wanaoingia na kutoka rumande kila mwezi hilo si jambo dogo. Lakini aliyekaa miezi minane akingoja kesi isikilizwe, sindano yake ya pili atadungwa na nani, kama bado kule ndani wanasema hakuna mambo hayo? Dawa inaweza kuwa bora kila mwaka. Neno lile halitibiwi na dawa.

Miezi kadhaa baadaye nilimwona Dogo kwenye feri. Watu walikuwa wamejaa, mikokoteni, mbuzi, wanafunzi. Alikuwa upande wa pili amebeba katoni. Tulitazamana. Aliinua kidevu kidogo, nami nikainua changu. Nilitaka kumwuliza kama siku ile ya korti alifika hospitali. Nilikuwa na nafasi ya kusukuma watu nimfikie. Feri ilikuwa bado haijatia nanga. Lakini hilo si swali la kumwuliza mtu mbele ya umati, na moyoni nilijua pia kuwa naliogopa jibu. Ngazi iliposhushwa tukamwagika pamoja na watu, nikampoteza.

Sura ya jela nimeiandika upya. Shujaa hana hotuba tena. Ana sentensi moja tu ya kusema, naye anachelewa nayo siku mbili. Rafiki zangu wa maskani hawaipendi sana. Wanasema huyu si shujaa. Nawajibu, ndiyo, si shujaa, lakini huyu namjua.

Nawe kijana mwenzangu unayesoma ukurasa huu, pengine hutafungwa maishani mwako, na Mungu akuepushe. Lakini una ndugu, au rafiki, au jirani wa benchi moja, ambaye atafungwa, maana kwetu simu isiyo na risiti yatosha. Basi zichukue hizi namba mbili nilizopewa mimi bure. Saa 72 za kuanza. Siku 28 za kumeza. Ukiona mtu anakunywa uji amesimama, mwambie saa hiyohiyo, na kama atakuuliza umejuaje, mjibu.